Siku Nilipoipotosha Dira

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nimeibeba tangu ujana wangu, na hata leo ikinijia kichwani naacha kula. Nilikusudia kufa nayo. Lakini juzi Gozbert, mjukuu wangu wa kwanza, kasimama mpakani kwetu hapa Igurwa, simu mkononi, akamwambia jirani yetu Nyandwi, "Mzee, hii miti yako imeingia kwetu hatua nne. Simu haidanganyi." Shikamoo hakutoa. Nyandwi, ambaye marehemu baba yake alikuja hapa kutoka Burundi na jembe moja begani, mtu tuliyezikana naye na kuozeshana naye, kavua kofia yake na kuivaa tena.

Ebo! Simu haidanganyi! Nilitaka nimchape fimbo, magoti yakakataa. Basi kaeni chini, wewe na Gozbert na wenzenu wote mnaopima dunia kwa kidole gumba. Ninayo hasira, nami sitaificha, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni yangu mimi mwenyewe, kama mtakavyosikia.

Nilikuwa na miaka ishirini na ushee, nimeoa miezi mitatu tu. Tulikuwa tunakaa kijiji kimoja upande wa Nyaishozi. Jina la kijiji nalificha, maana wajukuu wa watu waliocheka siku ile bado wako hai, na wengine ni wakwe zenu. Kijiji kilikuwa kimepata kiwanja cha shule, na kamati ikaita mpima ardhi aje kuweka mipaka kabla ya kujenga. Akaja Bwana Sefu, mtu wa Kayanga mjini, wa ukoo wa wenye maduka, babu zake watu wa pwani. Mwembamba, kofia nyeupe ya kudariziwa kichwani, na Kiswahili chake kilikuwa kinateleza hata sisi tuliolelewa kwa Kinyambo tukabaki kumtazama mdomo.

Alikuja na sanduku la mbao. Ndani yake mlikuwa na dira ya wapimaji, si hiyo ya kuchezea iliyomo kwenye simu zenu. Duara la shaba lenye kioo, upana wa sahani ya chai, limechorwa nyuzi mia tatu na sitini ukingoni, na katikati sindano nyembamba inayotikisika mpaka itulie kaskazini. Pande mbili za duara yalisimama mabamba mawili ya shaba yanayotazamana. Moja lina upenyo, jingine lina unywele wa farasi uliokazwa juu hadi chini. Unachungulia kwenye upenyo, unaulenga unywele kwenye fito iliyosimamishwa mbali, halafu unasoma sindano inaonyesha nyuzi ngapi. Yote hayo yanakaa juu ya miguu mitatu ya mbao. Hakuna betri, hakuna bando.

Kwa kuwa nilikuwa nimemaliza darasa la saba, na hapo kijijini tulikuwa wachache, nilipewa kazi ya kubeba miguu mitatu na kuandika namba kwenye daftari, nimesimama bega kwa bega na mpima. Loo, nilivyovimba! Mke wangu alikuja kunitazama akiwa na wenzake, na mimi nikajifanya simwoni.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Kwetu mwanaume haingii kibanja cha mtu, shamba la migomba lenye nyumba yake, ameshika muhoro mkononi. Muhoro mnaujua, lile panga letu la ncha iliyopinda la kupogolea migomba. Anayeingia nao wazi ama anakuja kuiba mkungu ama anakuja kugomba, na kama kibanja ni cha mjane, aibu ni mara mbili. Unauacha njiani au unamkabidhi mwenyeji. Muhoro wangu ulikuwa mpya, baba mkwe ndiye aliyenipa nilipomchukua binti yake, na watu siku ile walikuwa wengi. Nikaona nikiuacha njiani sitaukuta. Nikauchomeka kiunoni ubavuni, nikafunika kwa koti. Nilidhani nimefanya adabu.

Kiwanja cha shule kilipakana na kibanja cha Ma Veneranda. Mumewe, Ta Bonifasi, alikuwa amefariki miaka michache nyuma, na kaburi lake lilikuwa mle mle kibanjani, chini karibu na kijito, kama tunavyozika sisi. Ma Veneranda hakuwa na mtoto wa kiume. Hicho kibanja ndicho chakula chake, na kaburi lile ndilo lililomfanya akatae kurudi kwa kaka zake. Mpaka wake na kiwanja ulikuwa mstari wa milamula, ile miti myembamba yenye majani marefu tunayopanda mipakani. Jina lenyewe linatokana na neno letu la kuamua kesi. Aliyeng'oa mlamula hapa kwetu zamani aliogopwa kuliko mchawi.

Bwana Sefu akasimamisha dira kwenye jiwe kubwa la kando ya barabara. Ramani ya zamani ilisema mstari uanzie hapo na kushuka moja kwa moja hadi kijitoni, kwa nyuzi zilizoandikwa. Mnyororo wa kupimia urefu, kwa kuwa ni wa chuma, aliuacha nyuma kabisa. Kisha akapaza sauti.

"Jamani, mwenye chuma asogee mbali! Panga, jembe, kisu, hata funguo. Sindano hii inapenda chuma kuliko inavyopenda kaskazini."

Watu wakarudi nyuma. Akanigeukia mimi. "Nawe Laurian, huna kitu?"

Ma Veneranda alikuwa amesimama hatua tano kutoka hapo, mikono nyuma, ananitazama. Ningeuchomoa muhoro chini ya koti mbele yake ningeonekana mwizi niliyevizia migomba ya mjane. Nikasema, "Sina, Bwana Sefu." Ni neno moja tu hilo, mwanangu. Sina. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi changu kilikuwa nguoni kweli, nikakikana.

Sindano ikatulia. Bwana Sefu akachungulia, akapunga mkono kuume, akapunga kushoto, vijana wa fito wakashuka nazo mteremkoni, moja, mbili, tatu. Fito ya pili ilikuwa tayari imeuacha mstari wa milamula na kuingia kibanjani. Ya mwisho, kule kijitoni, ilisimama hatua kumi na nne ndani. Kaburi la Ta Bonifasi likawa upande wa shule.

Ma Veneranda akaja mbio, kitenge kimemlegea. "Haiwezekani! Milamula hii kaipanda baba mkwe wangu na mzee aliyekuwa na shamba la upande ule. Walikunywa lubisi ya ndizi papa hapa, kibuyu kimoja, mirija miwili. Nani anaihamisha leo?"

Mwenyekiti wa kamati ya shule akamwambia chombo ndicho kimesema. Bwana Sefu mwenyewe alikunja uso, akawa anatazama fito na kutazama miti. Lakini mimi, mimi msomi wa darasa la saba, mimi mwenye daftari, nikatangulia kufungua kinywa. Nikasema kwa sauti ili watu wote wasikie, "Mama, chombo hiki kimetoka Ulaya, kimevuka bahari. Hiyo milamula yako imetoka wapi, kwenye kinyesi cha ndege?"

Watu wakacheka. Walicheka mpaka wengine wakashikana mabega. Yule mama aliyekuwa akinipa ndizi za kuchoma nikitoka shule, aliyemsaidia mama yangu kujifungua mdogo wangu, akanitazama, akakifunga upya kitenge kilicholegea na kuondoka. Mwanangu, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole kinapona.

Wapimaji wanayo sheria yao moja, nami niliijua baadaye. Ukifika mwisho wa mstari unaisimamisha dira huko huko, unatazama nyuma ulikotoka, na sindano lazima ikupe nyuzi za upande wa pili kamili. Isipokupa, ujue mahali fulani kuna uongo. Bwana Sefu alitaka kutazama nyuma. Alishaibeba dira akaanza kushuka, mvua ikashuka nayo, mvua ya Karagwe mnaijua, na mwenyekiti akasema inatosha, twende. Akakubali. Kesho yake alikuwa na msiba Chonyonyo, akasema atarudi kesho kutwa kumalizia. Dira akaniachia mimi niikaushe katika chumba cha ofisi ya kijiji.

Jioni ile ile, kabla giza halijaingia, nilikuwa naifuta kwa kitambaa. Nikaona raha kuiachia sindano niitazame. Ikatulia. Nikasogea kuchukua kitambaa kingine, na sindano ikageuka kunifuata. Nikarudi nyuma, ikarudi. Nikasogea tena, ikageuka tena. Koti nilikuwa nimeshalivua, muhoro uko kiunoni, wazi. Nikauchomoa na kuupitisha kushoto na kulia juu ya kioo, na sindano ikawa inaufuata.

Basi nilijua. Hapa ndipo ninapojichukia, na msinipoze. Nilijua jioni ile, na njia ya kwenda kwa mwenyekiti ilikuwa fupi kuliko kutoka hapa hadi kisimani. Nikafunga sanduku nikaenda kulala kwa mke wangu. Nilijiambia Bwana Sefu atarudi, atatazama nyuma, atagundua mwenyewe, na mimi sitatajwa. Mficha uchi hazai, lakini ujana unadhani uchi wake haujaonekana.

Asubuhi mwenyekiti akaja na vijana. Mstari usafishwe, alisema, ili vigingi vya saruji viwekwe mpima akirudi. "Laurian, wewe unajua mstari ulipopita, tangulia." Nikatangulia. Kwa muhoro ule ule. Nilikata mgomba wa kwanza, nikakata wa pili. Wa tatu ulikuwa na mkungu mchanga, ua lake jekundu bado linaning'inia. Mgomba wenye mkungu mchanga kwetu hata mwizi anauacha, maana hauna faida kwa yeyote. Nikaukata.

Ma Veneranda alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kaburi la mumewe. Akainuka, akauokota ule mkungu mchanga uliokuwa unatiririka utomvu, akaukumbatia, utomvu ukamchafua kifuani, akarudi nao kaburini na kuulaza pale. Kisha akasema kwa Kinyambo, si kwangu, kwa mumewe, "Mzee, wamekuletea chakula. Hakijakomaa, lakini ndicho walichokata."

Muhoro ulinitoka mkononi. Niliwaambia wenzangu nina homa, nikauokota, nikaondoka. Mchana nikazunguka nyuma ya nyumba yake, nikamkuta jikoni anamenya ndizi. Nikapiga magoti pale kwenye maganda. Nikamwambia yote: koti, muhoro, sindano, jioni. Nikasema, "Waitu Ma, nisamehe."

Aliendelea kumenya mpaka akamaliza ndizi iliyokuwa mkononi. Halafu akaniwakia! Sijawahi kugombezwa namna ile, na baba yangu hakuwa mpole.

"Ulinitukana mchana kweupe, watu wamejaa kama mnadani, halafu unakuja kuniomba radhi jikoni? Hapa kuna nani? Kuna sufuria na paka! Sufuria ndiyo ilinicheka? Paka ndiye atakayeenda kuwaambia watu kwamba Veneranda hakuwa mwongo? Inuka. Toka kwenye maganda yangu. Unataka nikusamehe ili ulale usingizi, na mimi nilale na aibu. Kesho mpima anarudi. Nenda kaseme pale pale ulipofungulia kinywa, kwa sauti ile ile, au usinijie tena katika maisha haya."

Nikasema, "Ma, watanicheka."

"Ndiyo," akasema. "Mimi nilichekwa, na nimeamka, nimepika."

Kesho yake watu walijaa tena, maana habari ya vigingi ilikuwa imeenea, na wengine walitaka kuona mjane atafanya nini. Bwana Sefu akafungua sanduku lake. Mke wangu alikuwepo, na baba mkwe alikuwepo. Nilipanda juu ya lile jiwe la kando ya barabara, nikauinua muhoro ili waone, nikasema. Nilisema nilikuwa na chuma, nikaulizwa, nikakana. Nilisema nilijua tangu jioni na bado nikakata migomba mitatu. Nilisema Ma Veneranda alisema kweli na mimi niliongea kinyesi. Hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya kuliko kucheka. Baba mkwe alitema mate chini, akageuka akaenda zake, na mwaka mzima hakunywa lubisi nyumbani kwangu.

Bwana Sefu alikuwa amesimama na bamba la dira mkononi. "Astaghafirullah," akasema. Nilidhani atanipiga. Akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Kosa la kijana huyu ni nusu. Nusu ni langu. Sheria ni kutazama nyuma, na mimi nilikimbia mvua. Chombo hiki hakina macho wala haya. Mimi ninavyo vyote viwili na sikuvitumia." Akavua kofia yake, akamwendea Ma Veneranda, akainama. Mtu mzima, mpima wa serikali, akainama mbele ya mjane wa kijiji. Muungwana ni kitendo.

Akaupima mstari upya, nami nimesimama mbali kabisa na muhoro wangu. Safari hii alishuka hadi kijitoni na kutazama nyuma, nyuzi zikapatana. Mstari ukaja kando kando ya milamula kutoka juu hadi chini. Haukuangukia juu yake, msije mkadhani nawapamba hadithi. Ulipishana nayo kwa hatua moja, tena kwa kumpendelea yeye, maana yake wazee wale walimpunja mumewe hatua moja miaka yote hiyo. Bwana Sefu akamuuliza kama anaitaka.

"Waachie watoto wachezee," akasema Ma Veneranda. "Mpaka ni pale wazee walipokunywa." Na Bwana Sefu akaandika kwenye daftari lake, mpaka ni milamula.

Watu walipotawanyika nilibaki nimesimama. Hakuniambia amenisamehe. Hakuwahi kuniambia, hadi anaingia kaburini. Alinitazama mimi, akautazama muhoro, akasema, "Majani makavu yamejaa kule chini." Nikaingia nikapogoa mpaka jua likazama, na nikaendelea kupogoa kila msimu mpaka tulipomzika pembeni ya mumewe.

Sasa wewe Gozbert, na wewe mwanangu unayesikiliza huku unatabasamu kwa sababu aliyeshikwa leo si wewe. Mimi sichukii vyombo. Niliipenda dira ile, na hata simu hiyo ni chombo kizuri. Lakini simu yako chini ya migomba mizito inapotea hatua tatu, nne, tano, na yenyewe inakuandikia kwamba haina hakika. Hukusoma! Ulisoma ulichotaka kusoma. Hatua nne ulizomkoromea Nyandwi zinaweza kuwa hewa tupu, na wewe kwa hewa hiyo umemvua mzee kofia yake.

Kwa hiyo nawausia hivi. Kabla hujakiamini chombo, jipekue wewe uliyekishika, una nini nguoni, tamaa au kiburi au haraka. Ukifika mwisho wa mstari wako, geuka utazame nyuma, hata kama mvua inanyesha na wakubwa wanakuhimiza. Ita wanaokumbuka, uwasikilize mpaka wamalize. Mzee akikuambia usichopenda, anza na shikamoo. Na ukikosea mbele za watu, usiende kuomba radhi jikoni.

Mnaniona nina hasira na mnadhani ni kwa ajili ya Nyandwi peke yake. Si yeye tu. Mimi nimezeeka, kifua hiki kinanikohoza kila asubuhi, na siku si nyingi mtanilaza hapo chini ya migomba. Bibi yenu atabaki mjane ndani ya kibanja hiki. Atasimama mpakani, hana meno, macho hayaoni vizuri, na mbele yake atasimama kijana mwenye simu. Anaweza kuwa mtoto wa jirani. Anaweza kuwa wewe, Gozbert. Na yote yatategemea kijana huyo amelelewa na nani.

Nenda kwa Nyandwi leo, jua likiwa juu na majirani wakiwa barazani. Mimi nitakuja nyuma yako na fimbo yangu, taratibu.

Mungu awape mikono isiyotamani cha mwenzie, na ulimi unaojua kurudi ulikokosea. Awape mlo wa haki, hata ukiwa mdogo. Na mtakapozeeka, vijana watakaowazunguka wawaamkie kwanza ndipo wapime. Amina.